Kibaba Ndani ya Gunia



Hapa Singida hakuna atiaye kibaba kimoja cha uwele katika kila gunia, kisha akalalamika kuwa ghala limejaa. Mimi, msomi wenu, nililalamika. Ofisini tulihifadhi mamilioni ya risiti za kilobaiti 2, kila moja peke yake, kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa programu ya Ceph. Kabla ya toleo lake la mwaka 2021, nafasi ndogo kabisa kwenye diski zinazozunguka ilikuwa kilobaiti 64. Zidisha kwa nakala 3 za tahadhari: risiti moja ilikula kilobaiti 192! Nikaomba fedha za diski mpya. Kijana wa mkataba akauliza, “Mzee, kwa nini tusifunge risiti za siku nzima katika faili moja?” Barua ilikwisha tiwa sahihi, nikaenda kuiomba irudi.