Tujue Sisi ni wa Nani, Ndipo Tukue

(Neno lililotolewa kwa wanakwaya na washirika katika semina ya maandalizi ya yubile ya miaka 25)

 

Niliombwa niseme juu ya kukua kiroho. Nikafungua Walawi 25, sura ya yubile yenyewe. Sisi tumeagiza keki na sare mpya, na si vibaya, furaha ni haki yetu. Lakini katika sura ile, baragumu ikilia, aliyeuzwa anaachiliwa huru, na kila mtu anarudi kwa jamaa yake. Yubile ni siku ya mtu kurudishiwa utu wake. Kwa hiyo swali langu leo si tumeimba miaka mingapi. Swali ni hili: sisi ni wa nani?

Historia iko chini ya miguu yetu

Wapendwa, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kila siku tunashuka matatu Kengeleni, na wengi wetu hatufikirii jina lile limetoka wapi. Limetokana na kengele ya Frere Town, ambayo ipo pale hadi leo. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji upande huu wa bara, kiwe makao ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya biashara ya watumwa. Watu wale walitoka mbali, wengine pande za Ziwa Nyasa. Walikuwa wametekwa, wakatembezwa hadi pwani, wakauzwa. Wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao tena. Mjini wakaitwa mateka, baadaye wakaitwa Wamisheni.

Hebu mfikirie mtu wa namna hiyo asubuhi yake ya kwanza hapa Kisauni. Hana shamba, hana ukoo, hata lugha ya jirani yake haijui. Angejibu nini akiulizwa, "Wewe ni nani?" Wakristo wale walijibu kwa ubatizo. Watu ambao hawakuwa taifa moja wakawa taifa moja, kama Petro anavyowaandikia waumini katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2.

Tena, mwaka 1889, tarehe 1 Januari, kule Rabai, lilitokea jambo lingine. Watoro wengi walikuwa wamekimbilia misheni. Waliishi pale, walilima, walisali, lakini mabwana zao walikuwa bado wanawadai. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki hapa Mombasa, akasimamia malipo ya fidia kwa mabwana wale, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mfano huu una upungufu wake, maana fedha ile iliingia mikononi mwa mabwana, si ya waliotaabika. Lakini tazama jambo moja. Siku iliyofuata mtu aliamka katika nyumba ileile, akashika jembe lilelile. Nguo yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyeweza kumwambia, "Wewe ni wangu."

Neno hilo "fidia" tunalijua. Bwana Yesu alilitumia juu ya uhai wake mwenyewe, Marko 10:45. Na Paulo anatuambia katika Wagalatia 4 kwamba sisi si watumwa tena, ni wana. Hati yetu imekwisha kulipiwa.

Hatukui ili tuwe wana; tunakua kwa sababu ni wana

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tunadhani tukiimba vizuri, tukihudhuria mazoezi yote, tukitoa michango kwa wakati, siku moja Mungu atatukubali. Huo ni utumwa wenye joho. Mtoto mchanga hanyonyi ili awe mtoto wa mama yake. Ni mtoto tayari, ndiyo maana ananyonyeshwa, na kwa kunyonya anakua.

Niruhusuni niseme yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliugua koo. Daktari akanikataza kuimba kwa miezi mingi. Nikavua joho, nikaenda kuketi viti vya nyuma. Ndugu zangu, Jumapili ya kwanza niliona haya. Ya pili nilikasirika, kwa sababu kwaya iliimba vizuri bila mimi. Ya tatu sikwenda kanisani. Nikagundua kwamba nyumbani sikuwa na maombi ila nyimbo, na nyimbo zimenyamaza. Miaka yote hiyo nilikuwa najua sauti yangu, sikuwa najua mimi ni wa nani.

Mama mmoja mzee wa kanisa akaja kunijulia hali. Akaketi, akanywa chai yake pole pole, kisha akauliza, "Mwanangu, kilichougua ni koo au ni moyo?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mungu hakukupenda siku uliyoanza kuimba. Basi hawezi kuacha kukupenda siku uliyonyamaza." Nililia. Nikaanza upya, kwa kusoma sura moja ya Injili kila asubuhi, na kuomba kwa maneno ya kawaida, bila tuni. Sauti ilirudi, ingawa si yote. Lakini nilipovaa joho tena nililivaa kama nguo, si kama ngozi.

Asili yetu mpya haifuti majina yetu

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wengine huitumia methali hii kutuambia kwamba kumfuata Kristo ni kuacha kwetu. Sikilizeni. Mwaka 1934 kilitoka kitabu kiitwacho *Uhuru wa Watumwa*, kilichosimulia habari za watu wa Frere Town. Mwandishi wake, mwana wa mtumwa aliyeachiliwa huru, aliitwa James Juma Mbotela. Yatazameni majina hayo: James la kanisani, Juma la pwani, Mbotela la baba yake. Hakutupa hata moja.

Katika kwaya hii tuna Mgiriama, Mtaita, Mkamba, Mluo, Mrabai na Mkikuyu. Kristo hakutuita tuache lugha za mama zetu. Ametuita tusizitumie kubaguana. Kwa hiyo uchaguzi wa kamati ukifika, na mtu akaanza kuhesabu watu wa bara na watu wa pwani, tumwulize kwa upole: ndugu, hati yako inasema wewe ni wa nani?

Kukua kunachukua muda

William Jones alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa na wamisionari India, akafika Mombasa mwaka 1864. Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1885, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Hesabuni wenyewe: miaka 21. Mwaka huohuo alisafiri na Askofu Hannington kuelekea Buganda, na askofu alipouawa, ni Jones aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani. Mtoto aliyewahi kuuzwa akawa mchungaji wa wengine njiani. Hakufika hapo kwa semina ya siku moja kama hii.

Basi tufanye nini? Nawaachia mambo manne.

1. Tusome maneno kabla ya tuni. Kila wimbo mpya, tuusome kwanza pamoja na Maandiko uliotoka, tuulize unatuambia Mungu ni nani na sisi ni nani.

2. Tusitoke kanisani baada ya kuimba. Mnanielewa. Wimbo ukiisha, mahubiri yanaanza, na baadhi yetu tuko nje tunakunywa maji hadi sadaka. Mwimbaji asiyelishwa Neno atabaki na sauti tupu.

3. Tuipime imani yetu Jumatatu. Sokoni Kongowea hakuna joho. Mizani ya nyanya, chenji ya makanga, maneno tunayomjibu jirani yetu Mwislamu au bosi mkali, hapo ndipo jina la Kristo linaposomwa.

4. Tuwape vijana nafasi, na tuwape mapema. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mitaani kwetu kuna vijana walioingia kwenye magenge, na baadhi yao walibatizwa. Tunauliza walikosa nini. Pengine kule walipewa jina, wakaambiwa, "Wewe ni wetu." Je, sisi tuliwahi kuwaambia? Kijana akija mazoezini akiwa hana sauti, tusimwambie arudi akijifunza. Tumwambie aketi, yeye ni wetu, atajifunza hapa. Na sisi wazee, tukiambiwa tuachie kipaza sauti, tuachie kwa furaha. Aliye mwana hapungukiwi kitu akimpisha mdogo wake.

Wapendwa, siku ya yubile tutaandamana tukiwa na sare mpya. Tukipita Kengeleni, naomba kila mmoja aitazame ile kengele. Awakumbuke waliofika hapa bila jina wala kwao, wakakua wakawa kanisa, na sisi tukawa matunda yao. Kisha ajiambie moyoni: nimelipiwa, mimi ni mwana, sina budi kukua.

Tuombe. Ee Baba, asante kwa miaka 25 ya kwaya hii. Wakumbuke wenzetu waliolala. Warudishe waliokata tamaa. Uliyetuita wana, utukuze tufanane na Mwanao, tukiwa na sauti na hata tukiwa hatuna. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.