RAMANI YA MTAA WAKO IKO KWA NANI?

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mipango ya mitaa tunayoishi, na gazeti limekubali kuyachapa mazungumzo haya ili nawe usiyekuwapo uyapate. Sitatumia lugha ya wataalamu. Shule niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kuokota habari mitaani na kuwauzia wahariri, tena kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo tusitishane.

Wewe mkazi wa Dar es Salaam unaijua alama ya X. Rangi nyekundu, brashi pana, ukutani mwa nyumba ya mtu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 iliwatembelea watu wa bonde la Msimbazi. Mwaka 2017 ikapanda Kimara ikaenda hadi Kiluvya, nyumba zikaangushwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kila ilipokuja, kelele zilianza siku tingatinga lilipoonekana. Akina mama wakalia, vijana wakachoma matairi, wanasiasa wa kila rangi wakaja kupiga picha. Lakini mstari ulikuwa umekwisha kuchorwa zamani, mezani, chini ya feni, na watu ambao hata njia ya kufika kwako hawaijui.

Hebu tujiulize. Siku ule mstari unachorwa, wewe ulikuwa wapi? Usiniambie hukuitwa. Pengine kweli hukuitwa. Lakini ungeitwa, ungejua kuusoma? Ukiwekewa mezani mchoro wa mipango miji, wenye rangi zake na vinamba vyake, ungeweza kunyoosha kidole ukasema, "Hapa mmepitisha barabara juu ya kisima chetu"? Au ungetikisa kichwa, ukasaini karatasi ya mahudhurio, ukapokea soda na kurudi nyumbani?

Mimi nasema ugomvi wote uko hapo. Haki ya kuitwa imeandikwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wakazi na wadau wa eneo waitishwe mkutano kabla mpango haujaandaliwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo ina vifungu vyake kuhusu urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na haimruhusu mkubwa ajifanyie atakavyo. Vitabuni tuko vizuri mno. Kasoro ni kwamba mlalahoi anaitwa mezani mikono mitupu. Mwenzake ana digrii, ramani, kompyuta na mwanasheria, yeye ana hasira. Hasira haijawahi kuhamisha bikoni.

Msidhani naleta ndoto za Ulaya. Mambo haya yamefanyika hapa hapa, na wengine walioyafanya ni wazee wenu.

Chukueni Tabata. Jiji lilikuwa linamwaga taka kule, moshi na harufu vinaingia hadi kwenye sufuria za watu. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakalishitaki Jiji na kulishinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kata kata, na dampo la Tabata likafungwa. Baada ya hapo wale wakazi hawakurudi kulala. Walianzisha mfuko wao wa maendeleo, wakaanza kushughulikia barabara na huduma nyingine za mtaa. Lakini uchungu nao upo: taka zilipohama Tabata hatimaye zilipelekwa Vingunguti, kwa watu wengine ambao hawakuwa wamejipanga. Mtaa usiojipanga ndio hupokea takataka za mtaa uliojipanga. Hilo lifikirieni vizuri.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Hanna Nassif, pale Kinondoni, mteremko wa kuelekea bonde la Msimbazi. Wengi wenu mnapajua kwa kupita tu. Miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa na watu kama elfu ishirini, nyumba zimebanana, na mvua ikinyesha maji machafu yanagonga hodi vyumbani. Jiji halikuwa na fedha, na hata lingekuwa nazo, katika foleni ya wakubwa Hanna Nassif ilikuwa mkiani kabisa. Wakazi wakaunda chama chao cha maendeleo. Wafadhili wakaja, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, Umoja wa Mataifa na mfuko wa Ford wa Marekani. Wataalamu wakatoka pale pale Dar, Chuo cha Ardhi, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Awamu ya kwanza ya ujenzi ilimalizika mwaka 1996, ya pili ikafuata kuanzia 1997.

Sasa sikilizeni tofauti. Kwa kawaida mfadhili akija, fedha zinapita kwa mkandarasi, mkandarasi analeta mitambo na vibarua wake, anachimba, anaondoka, na wewe unabaki kuangalia vumbi. Pale Hanna Nassif mkataba wa kazi waliingia wakazi wenyewe kupitia chama chao. Walioshika sururu ni watu wa mtaa ule ule, wanaume na wanawake, wakilipwa kwa kipande: umechimba mita zako, umechukua chako. Kamati ilibidi ijifunze kusoma mchoro wa mtaro, kupima mteremko ili maji yasirudi nyuma, kukokotoa mifuko ya saruji, kutunza daftari la malipo na kujibu maswali ya watu waliojua kabisa kiasi gani kimeingia.

Hayo ndiyo mafunzo ninayoyazungumzia. Mtu anafundishwa asubuhi namna ya kupima mteremko, mchana anaupima, na mvua ya masika inasahihisha mtihani wake. Hakuna chuo kinachofundisha zaidi ya hapo. Na akimaliza, mtaro ukiziba hamngojei mhandisi wa manispaa. Anajua ulivyojengwa, kwa sababu aliujenga.

Linganisheni na hii biashara yetu ya semina. Nchi hii imezama katika semina, warsha na makongamano. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wanapandishwa basi, wanapelekwa ukumbi wenye viyoyozi, wanapewa kalamu, daftari na fulana yenye maneno ya "ushirikishwaji wa jamii". Anasimama bwana mmoja aliyeshuka kwenye shangingi, anachora duara ukutani, anaandika "fursa" ndani na "vikwazo" nje. Saa saba wali na kuku. Saa kumi posho. Mtaani wanarudi na fulana. Ukimwuliza mjumbe amejifunza nini, anakwambia chakula kilikuwa kizuri! Silaumu sana wajumbe, njaa ni njaa. Lakini fedha za semina moja ya namna hiyo zingelipa fundi mpimaji akae mtaani mwenu mwezi mzima, akiwafundisha vijana kumi kushika kamba na kusoma ramani.

Na vijana mnaweza. Mwaka 2011 Tandale, ambako wapita njia walikuwa wanashauriwa wafiche simu, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa pale walifundishwa kutumia vifaa vidogo vya kupimia kwa setelaiti. Wakazunguka kichochoro kwa kichochoro, wakaweka katika ramani kila kisima, choo, kilabu cha pombe, mtaro na lundo la taka. Waliokuja kuwafundisha walikuwa wametokea Kibera, Nairobi, ambako mwaka 2009 vijana wa mabanda walichora ramani ya kwao baada ya ramani za serikali kuendelea kuwaonyesha kama msitu. Fikiria, laki za watu wanapika na kuzaa, na karatasi ya serikali inasema miti! Kuanzia 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuka Dar kwa jina la Ramani Huria, na wanafunzi pamoja na wakazi wakapima kata zinazokumbwa na mafuriko.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mtaa usioonekana kwenye ramani hauna hoja. Afisa akisema "pale hakuna makazi, ni bonde tupu", ukimwonyesha nyumba, visima na alama ya maji ya mafuriko yalipofika, inabidi abadilishe wimbo. Simu iliyo mfukoni mwako inapima mahali vizuri kuliko vifaa vingi vya zamani. Wewe unaitumia kubeti.

Najua mwingine ananong'ona: "Mimi mpangaji bwana, mambo ya ramani yanawahusu wenye nyumba." Kosa! Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Haukuulizi hati ya nyumba. Na mpango ukifanikiwa, mtaro ukakaa sawa na barabara ikapitika, wa kwanza kuongezewa kodi ni wewe. Mpango ukivurugika, wa kwanza kutupiwa godoro nje ni wewe, na fidia anachukua mwenye nyumba. Watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walilionja hilo. Wapangaji miongoni mwao, waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, wakajikusanya wakatafuta ardhi Chamazi, wakapata ekari 30, wakajifunza kufyatua matofali ya kufungana na kubishana na maofisa juu ya ukubwa wa viwanja hadi vikapunguzwa kulingana na mifuko yao. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na daftari la akiba na idadi kamili ya watu wao.

Usipojifunza, unaliwa. Tumeona katika urasimishaji. Mitaa mingi ya Dar wananchi walichangishwa kulipa makampuni ya upimaji ili wapate hati. Mahali pengi fedha zikaenda na bikoni hazikuja, au zilikuja na mchoro haukuidhinishwa, na mwananchi hajui adai kwa nani. Serikali ikaingilia na kuweka bei elekezi ya shilingi 150,000 kwa kiwanja. Vema. Lakini bei elekezi haisomi mkataba kwa niaba yako. Kamati yenye watu watatu tu wanaojua hatua za kazi, kwamba utambuzi unakuja kabla ya mchoro, mchoro unaidhinishwa kabla ya upimaji, na malipo yanafuata kila hatua iliyokamilika, isingelipa fedha zote siku ya kwanza.

Hapo lazima niseme jambo lisilopendeza. Kufundisha watu wachache ni kuzalisha vigogo wadogo. Yule mmoja anayejua kusoma mchoro ndiye atakayejua kiwanja cha wazi kiko wapi, na siku moja mtashtukia amekijenga. Kwa hiyo wafundishwe wengi, mahesabu yasomwe kwa sauti mkutanoni, na ramani ibandikwe nje ya ofisi ya mtaa, isifungiwe kwenye mtoto wa meza.

Kule Nairobi, Mukuru, walilifikiria hilo. Mwaka 2017 kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa, lenye kaya kama laki moja, hawakuita wenyeviti tu. Walianzia chini, nyumba kumi kumi, kila kumi wakatoa mtu, wakapanda hivyo hivyo hadi juu. Mashirika zaidi ya arobaini na vyuo wakaleta utaalamu wao, lakini waliotakiwa kusema barabara iwe na upana gani, na nani apishe, ni wenye vibanda. Barabara na mabomba ya majitaka yakaanza kuonekana kuanzia 2020.

Halafu mwishoni mwa 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine, na maelfu kwa maelfu wakalala nje. Nalitaja ili msije mkaniona tapeli. Mpango wa wananchi si hirizi. Mkubwa akiamua kuukanyaga, anaweza kuukanyaga. Ila palikuwa na tofauti moja: safari hii waliokanyagwa walikuwa na karatasi, majina, vipimo na watu waliojua kuzungumza navyo, na hakuna aliyeweza kusema pale palikuwa msitu.

Sasa kazi. Wiki hii nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Msalimie mtendaji kwa adabu, maana hata akiwa mkorofi yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Mwulize maswali matatu. Mtaa wetu una mchoro ulioidhinishwa? Kama upo, nakala yake inaonekana wapi? Mkutano wa mtaa wa mwisho ulikuwa lini, na muhtasari wake uko wapi? Akikujibu, andika. Akikwambia urudi kesho, andika pia, na tarehe. Usiende peke yako, nenda na wenzako watano wa kijiweni, na mmoja awe dada, kwa sababu visima na vyoo viko wapi wao wanajua kuliko sisi. Kisha mtafuteni mwanafunzi yeyote wa mipango miji aliye likizo, mpeni chai na chapati, awafundishe kusoma hiyo karatasi jioni moja. Anzeni na kutafuta nyumba mnazolala.