Shule Iliyokuwa na Kambi Nyuma Yake

Tarehe 20 Julai 2002, hapa hapa Machakos, serikali ya Sudan na waasi wa kusini wa SPLM/A walitia saini mkataba uliofungua njia ya amani, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa msuluhishi. Tunajivunia siku ile. Basi na tujue pia kwamba miongoni mwa waliopigana vita hivyo walikuwemo maelfu ya watoto.

Walifikaje jeshini? Wapo waliochukuliwa kwa nguvu. Lakini wengi walikwenda kwa miguu yao wenyewe. Katika miaka ya 1980, vijiji vilipochomwa moto, wavulana walitembea kwa majuma mengi hadi kambi za Ethiopia kama Pinyudo. Familia ziliambiwa huko kuna shule, na kweli ilikuwepo. Mtoto aliandika herufi mchangani kwa kidole, kisha akapigishwa kwata akiwa na fimbo begani. Baadaye fimbo ikaondoka, ikaja AK-47, ambayo ikijazwa risasi huzidi kilo 4. Makamanda wanajua samaki hukunjwa angali mbichi: mtoto mwenye njaa, asiye na mzazi, aliyeona kwao kukiteketea, hamkatalii anayempa chakula, wenzake na nafasi ya kulipiza kisasi.

Mwanamuziki Emmanuel Jal alipita njia hiyo. Aliyemtoa vitani ni Emma McCune, mfanyakazi wa misaada aliyemleta Kenya akasomeshwa.

Februari 2001, UNICEF iliwasafirisha kwa ndege watoto zaidi ya 2,500 kutoka maeneo ya vita. Mkataba wa mwisho wa amani wa 2005 uliagiza watoto wote waachiliwe jeshini ndani ya miezi sita. Lakini vita vilipozuka tena Sudan Kusini mnamo Desemba 2013, watoto waliandikishwa upya. Mwaka 2015, kundi la wapiganaji la Cobra huko Pibor peke yake liliwaachilia zaidi ya 1,700.

Sheria ipo. Mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kiongozi wa waasi Thomas Lubanga wa Kongo kifungo cha miaka 14 kwa kuwatumia watoto vitani. Hukumu ile ni ya haki, ila ilikuja watoto wakiwa wameshaumia.

Kama ahadi ya shule ndiyo iliyowapeleka wavulana wale wa Sudan vitani, basi shule ya kweli, yenye chakula na isiyo na kambi ya jeshi nyuma yake, ndiyo kinga yao. Hapo sisi tuna kazi. Vijana kutoka Sudan Kusini wanasoma katika shule zetu za Kenya, wengine wakitokea kambi ya Kakuma. Mwalimu mkuu, akija kijana wa miaka 17 anaomba darasa la watoto wadogo, usimrudishe eti umri umempita. Mzazi, usimkataze mwanao kukaa naye dawati moja. Na viongozi wetu wanaposuluhisha vita vya jirani, wadai watoto watolewe jeshini kwanza, kabla ya wakubwa kugawana vyeo.