Hasira ya Ghafula kwa Watoto

Leo twataka kusema nanyi habari ya mtoto ambaye, akiguswa kidogo tu, mkono wake hutangulia akili yake.

Kwanza na tupambanue. Yuko mtoto apangaye ubaya na kungoja nafasi. Huyu wetu hapangi. Hasira humpanda ghafula, akapiga, na mara nyingi baadaye hujuta. Madaktari wametambua sababu moja: sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo hatamu ya matendo yetu, haikomai mpaka mtu akaribie miaka 25. Basi kijana wa miaka 13 nguvu zake zimekwisha kuwa nyingi, na hatamu ingali nyembamba.

Je, fimbo itaikaza? Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 409 wa shule moja ya msingi katika Tanzania. Waliopigwa zaidi ndio walioonekana wagomvi zaidi. Uchunguzi huo peke yake hauthibitishi lipi lilitangulia, fimbo au ugomvi; lakini watosha kutuonya. Mtoto apigwaye na mtu aliyekasirika hujifunza kwamba mwenye hasira hupiga.

Sisi wa Tabora, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, tunao mfano bora. Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi walimzoeza mtoto tangu udogoni kuchukua begani pembe ndogo ya ndovu. Hakuanza na mzigo wa mpagazi mzima. Kujizuia nako ni mzigo; hufundishwa kidogo kidogo.

Basi wafanyeje wazazi? Watenganisheni wagombanao, mkisema kwa sauti ya chini. Ngojeni mtoto apoe, kwani mwenye hasira hasikii mafundisho. Akisha kupoa, mwulizeni ni nini kilichomwasha, mkamwonyeshe la kufanya siku nyingine: kuondoka, kunyamaza, au kumwita mkubwa. Amtake radhi aliyempiga, atengeneze alichovunja. Na siku atakapojizuia, msifuni.

Ikiwa hasira haipungui, au huumiza watu, au ilianza baada ya kuumia kichwa au kuona jambo la kutisha, mpelekeni hospitali upesi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.