Mgeni Anayefika Lamu kwa Tanga



Mji wa Lamu umeelekea bahari. Hata anayekuja kwa ndege hutua Manda na kumalizia safari yake kwa boti. Lakini anayekuja kwa tanga huuona mji pole pole: kwanza vilima vya mchanga vya Shela, halafu mnara wa msikiti wa Ijumaa, kisha safu ya nyumba za mawe zilizotazama maji. Shirika la UNESCO liliuandika Mji wa Kale kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini mabaharia walikuwa wakiujua karne nyingi kabla ya hapo.

Mgeni huyu hufuata upepo. Akitoka Tanzania, kusi humsukuma kuja huku. Kurudi, humbidi angoje kaskazi. Ndivyo walivyokuwa wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi, waliokaa hapa miezi wakisubiri pepo zigeuke. Kwa hiyo mwenye mashua ya matanga si mtu wa kupiga picha mbili na kuondoka. Anaweza kukaa wiki, pengine zaidi.

Wapo wanaosema hana faida kwa sababu analala chomboni mwake. Hesabu hiyo ina kasoro. Asiyelipa chumba hununua samaki, maembe, mkate, mafuta na maji. Nguo zake zinahitaji kufuliwa. Tanga likichanika, anahitaji fundi. Ubao ukioza, mafundi wa Matondoni wanaijua kazi hiyo kuliko wengi. Pesa zake hupita mikono mingi midogo.

Jambo linaloharibu yote hutokea katika dakika kumi za kwanza gatini. Mgeni akizungukwa na watu sita wakimvutia huku na huku, au akitajiwa bei moja kabla ya kupanda mashua na nyingine wakati wa kushuka, kesho yake hung'oa nanga akaenda Kilifi. Na mabaharia huambiana. Bei itajwe mapema, kwa sauti ya kusikika, na iwe hiyo hiyo. Anayejiita kiongozi wa wageni aijue historia ya Ngome na ya magofu ya Takwa, asibuni hadithi.

Mgeni naye ana wajibu wake, na si vibaya kumweleza kwa upole mapema kabla hajakosea: avae nguo za kusitiri anapoingia mjini, asiwapige picha kina mama bila idhini, na apishe punda kwenye vichochoro. (Punda mwenye mzigo wa mawe hajui Urithi wa Dunia.)

Suala la maji linahitaji uangalifu zaidi. Maji matamu ya mji hutegemea mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Anayejaza matangi ya chombo chake ayalipie kwa haki, naye auzaye akumbuke jirani zake wanaochota kwa ndoo.

Kuhusu taka, Lamu ina la kujivunia. Mafundi wa hapa waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Ni aibu chupa kuelea mbele ya mji uliofanya hivyo, iwe imetupwa na mgeni au mwenyeji.

Mwisho, usalama. Kusi ikikaza, mawimbi hupasuka mlangoni kati ya Shela na Ras Kitau, na ramani ya simu haionyeshi wimbi. Nahodha wa hapa akiona chombo kigeni kinasitasita nje, akiongoze kwa mkono au kwa redio. Na huko Manda Toto, akiona mtu anataka kutupa nanga juu ya matumbawe, amwonyeshe penye mchanga kabla mnyororo haujashuka.