Deni la Githeri
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Nakuru



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya deni lisiloandikwa katika hesabu za chama hiki, ila limo katika madaftari ya shule zetu, tangu Molo na Njoro hata Naivasha. Ni deni la chakula cha mchana.

Wazee mwayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979. Hakuna mtoto aliyeulizwa kama mzazi wake amelipa. Maziwa yale yalikoma. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, nasi tukashangilia, lakini chakula hakikuwamo. Mpango wa Serikali wa kulisha wanafunzi ulioanza mwaka 2009 ulielekezwa hasa sehemu za ukame, na sisi twahesabiwa nchi ya mahindi. Akaaye karibu na ghala hudhaniwa ameshiba.

Tuseme sahani moja ya githeri ni shilingi 30. Kwa muhula wa siku 65 ni shilingi 1,950, na mwenye watoto watatu adaiwa 5,850, nazo hutakiwa shule ifunguliwapo. Kibarua wa shamba hupata ujira wake siku kwa siku, na siku asiyoitwa hapati kitu. Tena tazameni majira: twapanda Machi na Aprili, twavuna kuanzia Oktoba. Muhula wa pili huanguka katikati, wakati nyumbani hamna akiba na bei ya mahindi imepanda. Hapo ndipo deni huzaliwa.

Mwaka huu tulizuru baadhi ya nyumba zenye madeni hayo. Mama mmoja, mchuuzi wa sukuma wiki, alitusimulia habari za mwanawe wa darasa la sita. Mtoto huyo hakuwamo katika orodha ya waliolipiwa. Kila adhuhuri aliichukua sahani yake hadi mferejini, akaiosha, kisha akarudi darasani akiishika yadondoka maji kama sahani za wenzake. Alifanya hivyo karibu muhula mzima. Mama alikuja kujua siku alipomwona mdogo wake akifundishwa kufanya vivyo hivyo.

Hatukuja kuwashtaki walimu. Mpishi hudai mshahara, kuni hununuliwa, na mfanya biashara aliyekopesha magunia ya maharagwe ataka fedha zake. Mwalimu Mkuu akiwasamehe kumi, githeri ya waliolipa itakuwa maji.

Katika Kamati wengine walisema kwamba tukilipa madeni haya tutawafuga wakwepaji. Wakwepaji wapo, hatukatai. Mmoja tulimkuta ana pikipiki mpya. Lakini anayekaa na njaa si yeye. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, ijapokuwa haisemi nani atakoka moto. Mjini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulipoanza mwaka 2023, mzazi alitakiwa shilingi 5 kwa sahani, gharama iliyosalia ikabebwa na kaunti na wafadhili. Kwa hiyo kiasi kidogo mzazi huweza kukitoa, mradi kimepimwa kwa mfuko wake.

Chama hakina fedha za kufuta madeni yote. Twaomba kwanza shule zimwite mzazi faraghani, zisisome majina ya wanaodaiwa gwarideni. Pili, mzazi asiye na fedha akubaliwe kulipa kwa kuni au kwa kazi ya mikono. Tatu, kila mwanachama mwenye shamba atoe debe moja la mahindi au nusu debe la maharagwe wakati wa mavuno, liwekwe hadi Mei, kisha lipelekwe shuleni kwa hesabu ya nyumba zitakazotajwa na wazee wa mitaa. Mahindi yaanikwe hadi yakauke sawasawa, kwani yenye unyevu huota kuvu yenye sumu, na hatutayapokea hata yakiletwa na Mwenyekiti mwenyewe.

Mwanachama mmoja ametuazima chumba chenye sakafu ya saruji. Kimekosa mbao za kuinulia magunia yasiguse chini. Aliye nazo amwone Katibu kabla ya kutoka.