Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maji, Nyasi za Gofu na Haki ya Jirani

Hotuba kwa wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Wapendwa katika Kristo, wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yabeba ahadi mbili: kwamba mgeni atapokewa, na kwamba kuja kwake kutamletea mwenyeji nafuu. Sisi watu wa Pwani ya Kenya ahadi ya kwanza tumeitimiza. Leo tumekusanyika kuitafakari ile ya pili, tukiutazama uwanja wa gofu ulio kando ya hoteli ya ufuoni.

Wengi wa wageni wanaocheza humo hawakujilipia safari. Kampuni kubwa huwatuza wafanyakazi waliouza bidhaa nyingi kwa kuwagharimia ndege, chumba, chakula na michezo. Desturi hii ilianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ni biashara ya ulimwengu mzima. Kampuni hutafuta mahali penye bahari, ukumbi wa mikutano na uwanja wenye mashimo 18. Viwanja hivyo twavijua: Nyali, Diani, na Vipingo, ambako shamba la zamani la mkonge limegeuzwa uwanja, na ambako tangu 2019 wanawake wachezaji wa kulipwa kutoka nchi nyingi wameshindana mara kadhaa.

Hatukuja hapa kuulaani mchezo. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na aliyefanya kazi kwa bidii astahili mapumziko. Wala hatuwasahau vijana wetu wanaokata nyasi na kubeba mikoba ya wachezaji, pamoja na wapishi, wafuaji na madereva. Mwaka 2020, safari za ndege za abiria kutoka ng'ambo ziliposimamishwa tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Julai, tuliona wenyewe jinsi sufuria zilivyokauka katika nyumba nyingi za parokia zetu. Swali letu ni moja tu: nani anywe kwanza?

Hebu tufanye hesabu pamoja. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ya ardhi ni lita 10,000. Tuchukue mfano wa uwanja wenye hekta 30 za nyasi za kumwagiliwa. Ikiwa wakati wa kiangazi nyasi hizo zapewa milimita 5 kwa siku, zitakunywa lita 1,500,000, yaani mitungi 75,000 ya lita 20, kila siku. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mtu mmoja ahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa kipimo kile cha chini, maji hayo yangewatosha watu 30,000.

Sasa tukumbuke ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023. Huko Ganze na Kinango, si mbali na fuo hizi, akina mama walitembea mwendo mrefu na mitungi yao, wakachota maji ya matope pamoja na mifugo. Nyasi za kijani na matope hayo vilikuwa katika kaunti zile zile.

Yupo atakayesema: uwanja una kisima chake, haugusi bomba la kijiji. Jibu hilo halitoshi. Ardhi yetu ya ufuoni imelala juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi. Maji matamu yaliyomo ndani yake yaelea juu ya maji ya chumvi. Anayevuta mno kwa mashine huivuta bahari iingie, na chumvi haiulizi mpaka wa shamba. Vivyo hivyo mbolea na dawa za kuua magugu hupenya mwambani, zikafika visimani na hatimaye baharini, ambako mbolea hustawisha mwani unaoyasonga matumbawe, makao ya samaki wa wavuvi wetu.

Hapa hatuna budi kuungama. Sisi wenyewe tuliwahi kualikwa kubariki jiwe la msingi la hoteli moja. Tulinyunyiza maji ya baraka, tukala karamu, wala hatukuuliza maji mengine yote yangetoka wapi. Miaka michache baadaye mama mmoja wa jumuiya alituletea maji ya kisima chake katika kikombe, akasema, "Baba, onja." Yalikuwa ya chumvi. Hatuwezi kuthibitisha chanzo chake, lakini twajua kwamba siku ile ya kuuliza tulikaa kimya.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chasimulia kwamba wachungaji wa Gerari waligombana na wachungaji wa Isaka juu ya maji. Kisima cha kwanza kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombewa, kikaitwa Rehobothi, kwa kuwa Bwana aliwapa wote nafasi. Ndugu, visima vyetu tutavipa jina gani?

Mafundisho ya Kanisa ni bayana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu wote, na Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 akakiri kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, yatamka haki hiyo hiyo. Aidha, Sheria ya Maji ya 2016 yaweka matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote. Basi mwenye kudai maji ya kijiji haombi hisani.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Kwanza, mradi mkubwa unapopendekezwa, hudhurieni vikao vya tathmini ya athari kwa mazingira, mkaulize: maji yatatoka wapi, kiasi gani kwa siku, na nani atapima chumvi katika visima vya majirani? Pili, kila jumuiya ionje na kuandika hali ya visima vyake, mwezi kwa mwezi, ili malalamiko yafikishwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji yakiwa na ushahidi. Tatu, ombeni kwa heshima kwamba nyasi zimwagiliwe maji taka yaliyosafishwa, na kwamba zichaguliwe aina zinazostahimili chumvi, kwa maana zipo.

Nasi mapadre tukialikwa tena kubariki jiwe la msingi, tutauliza kwanza, ndipo tubariki. Mgeni na aje, acheze, apumzike. Lakini asipige mpira wake juu ya kiu ya mwenyeji.

Mungu awabariki.